Kuhesabu ndege wahamiaji Kaole na Nunge: maji yakijaa au yakipwa?

Mdau wa Kaole:
Wakuu, salaam. Tuko watu wanne hapa Bagamoyo na tunataka kuhesabu ndege wa pwani wanaoshuka kutoka kaskazini, Septemba hadi Novemba: vitwitwi, sululu, na wale wala kaa weupe wenye mgongo mweusi. Tumejaribu mara mbili Kaole, siku mbili mfululizo, maji yakiwa yamekupwa. Hesabu ya pili ilizidi ya kwanza karibu mara tatu. Hatujui kama ndege wameongezeka au sisi ndio tumekosea. Tuna darubini mbili za mkono za 8x42 na moja ya miguu mitatu. Twende saa ngapi, tusimame wapi, na kundi likiwa kubwa linahesabiwaje?

Mzee wa Tongoni:
Ndugu yangu, hapo kosa ni maji. Yakipwa, tope lote liko wazi na kila ndege anafuata kaa na minyoo wake. Wengine wako nyuma ya mikoko, wengine mbali ukingoni mwa maji, wengine mmeshawahesabu wakahamia mbele yenu. Hesabu ya namna hiyo inaweza kupanda mara tatu bila hata ndege mmoja mpya kufika.

Hesabuni maji yakijaa. Tope likifunikwa hawana pa kulia, kwa hiyo wanakusanyika pakavu wapumzike. Kwenu huko ni mashamba ya chumvi ya Nunge na vichanga vya upande wa mlango wa Ruvu. Fikeni saa mbili kabla ya maji kujaa, mkae kimya, muwaone wakiingia kundi kwa kundi. Hesabu yenyewe ifanyike kuanzia nusu saa kabla ya kujaa hadi nusu saa baada yake. Baada ya hapo wanaanza kurudi topeni na mtachanganyikiwa tena.

Chagueni siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Siku za maji mafu, yaani yasiyojaa sana, sehemu kubwa ya tope haifunikwi na ndege hawana sababu ya kukusanyika. Uzuri wa pwani yetu ni kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu saa 10 alasiri, na kila siku inayofuata huchelewa kama dakika 50. Ufuko unatazama mashariki, basi alasiri jua liko mgongoni mwenu na rangi za ndege zinaonekana vizuri. Nunge simameni kwenye tuta la upande wa magharibi kwa sababu hiyo hiyo. Siku mbili tatu baada ya mwezi mpevu, giza litawakuta kazini, kwa hiyo msisogeze tarehe mbele sana.

Mchana wa saa 6 hadi saa 8 msihesabu kwa darubini ya miguu mitatu. Mazigazi yanapanda juu ya chumvi, miguu ya ndege inacheza na kundi la hamsini linaonekana ukungu mtupu. Kuongeza ukuzaji hakusaidii, kunakuza na mtetemo. Shusheni hadi 20 au 25.

Fundi Darubini:
Naongezea hapo kwenye kundi kubwa, maana ndipo wengi wanapoharibu. Hesabu ndege kumi, mmoja mmoja. Tazama hao kumi wamechukua nafasi gani ndani ya duara la darubini. Kisha pima kundi kwa kipande hicho: kumi, ishirini, thelathini. Kundi likipita mia tano, jenga kipande cha hamsini kwa njia hiyo hiyo. Usianze na kipande cha mia kwa kukisia.

Angalieni kwamba kundi halina ujazo mmoja. Katikati wamebanana, pembeni wametawanyika, na kipande cha katikati ukikipeleka pembeni unajipa ndege wasiokuwepo. Wadogo nao hujificha nyuma ya miguu ya sululu, kwa hiyo pitieni mara moja kwa ajili ya wakubwa, mara ya pili kwa ajili ya wadogo tu. Watu wawili wahesabu kundi moja bila kuambiana, wa tatu aandike. Mkitofautiana zaidi ya moja ya tano, rudieni wote. Makosa ya kundi kubwa kwa kawaida huwa ya kupunguza, mara chache ya kuzidisha. Pigeni na picha, halafu nyumbani wekeni nukta juu ya kila ndege kwenye simu. Baada ya picha kama kumi mtajua jicho la kila mmoja linapunguza kiasi gani.

Binti wa Sahare:
Kaka, majina. "Kitwitwi" kwenye daftari halitoshi, maana ni ndege wengi chini ya jina moja. Andikeni jina la kisayansi pembeni. Wa kuwajua kwanza ni hawa. Calidris ferruginea, anayezaliana Siberia karibu na ncha ya kaskazini: mdomo umepinda chini kidogo, akiruka kiuno ni cheupe. Pluvialis squatarola: akiinua bawa, kwapa ni jeusi, na hakuna kingine cha kukuchanganya. Xenus cinereus: mdomo umepinda juu, miguu ya rangi ya chungwa, anakimbia huku na huku kama anayetafuta kitu alichodondosha. Sululu wako wawili: Numenius phaeopus ana mistari kichwani, Numenius arquata ni mkubwa zaidi, mdomo mrefu sana na kichwa hakina mistari. Mla kaa ni Dromas ardeola. Yeye hatoki Siberia, anazaliana upande wa Arabia na Bahari ya Shamu, tena kwenye mashimo mchangani.

Wenye kusumbua ni wale vitwitwi wawili wenye mabaka ya kijivu pembeni mwa kifua, mkubwa (jina lake la pili la kisayansi ni leschenaultii) na mdogo wake. Tazama mdomo: wa mkubwa ni mnene na mrefu, wa mdogo ni mfupi. Wakiwa mbali, andikeni "mmoja kati ya wawili" na idadi yao. Tafadhali msiwagawe nusu kwa nusu ili daftari lipendeze.

Mdau wa Kaole:
Ahsanteni sana wakuu. Mawili yamebaki. Nunge tunaingiaje, na kundi likiruka katikati ya hesabu tunafanyaje?

Mzee wa Tongoni:
Nunge ombeni ruhusa kwa msimamizi siku moja kabla, na mumuulize mabwawa yapi yana maji ya kina kifupi wiki hiyo. Ndege wadogo wanataka maji ya kufika vifundoni mwao, sentimita mbili tatu tu. Pale chumvi inapoganda wanapumzika, lakini chakula hakuna. Msikanyage kingo za mabwawa ya kugandishia.

Kundi likiruka, andikeni saa, upande lilikoelekea na sababu: mbwa, watu wa kokoro (wavu wa kuvuta ufukweni), mwewe. Likitua ndani ya eneo lenu, anzeni upya. Likitoka, andikeni mlichofikia na neno "halijakamilika". Ninyi msiwe sababu. Vichwa vikiinuka vyote kwa pamoja, mmeshakaribia mno, rudini nyuma taratibu. Ndege huyu amefika amekonda baada ya maelfu ya kilomita, na kila kurushwa kunamla mafuta.

Fundi Darubini:
Kwenye daftari kila safari: tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, saa ya maji kujaa na kimo chake, upepo, idadi ya wahesabuji, mpaka wa eneo. Mahali pasipo na ndege andikeni sifuri, msiache wazi. Njooni pale pale kila bamvua, kwa njia ile ile, na hesabuni tena Januari, maana ndipo sensa ya ndege wa majini Afrika hufanyika na namba zenu zitapata za kulinganishwa nazo.

Na jedwali la maji likisema 16:10, ni saa 10 na dakika 10 alasiri. Programu nyingine za simu hutoa saa za Greenwich, hapo ongezeni tatu kwanza.