Nimelipia Frankenstein ya 1931 "toleo la asili", nimeletewa zimwi wa kijani asiye na utosi

Wakuu, heshima kwenu. Mods naomba msiuunganishe uzi huu na ule wa "filamu gani ilikunyima usingizi". Kule watu wanapiga soga, hapa nalalamika, na hasira niliyonayo ni ya tangu Jumamosi usiku.

Kuna huduma moja ya kuangalia filamu mtandaoni, jina silitaji. Inanikata 18,500 kila mwezi. Niliingia kwa sababu moja tu: wana kona nzima ya filamu za zamani za Marekani za kutisha na za sayansi ya kubuni, zile nyeusi na nyeupe. Juu ya picha ya Frankenstein wameandika kwa herufi kubwa "toleo la asili lililoboreshwa". Neno "asili" lipo pale, nimelipiga picha, ninalo kwenye simu.

Sasa sikilizeni kwa nini imeniuma hivi. Mjomba wangu yupo kwangu wiki hii, amekuja kliniki. Yeye filamu hii aliiona miaka ya sitini akiwa mwanafunzi Tanga, kwa projekta, ukutani. Nimekua nikimsikia akiisimulia. Zimwi anamkuta mtoto wa kike kando ya ziwa. Mtoto hamuogopi, anampa maua. Zimwi ananyoosha mikono kumwelekea yule mtoto, na hapo hapo picha inaruka. Kinachofuata, baba wa mtoto anapita katikati ya watu wanaosherehekea harusi, kabeba maiti ya mwanawe. "Alimfanya nini yule mtoto?" Mjomba ana swali hilo kwa zaidi ya miaka hamsini. Jibu alilojipa mwenyewe ni baya, siwezi kuliandika hapa.

Jibu la kweli lipo. Wanarushiana maua majini, yanaelea kama vimashua. Maua yanaisha. Zimwi anaangalia mikono yake mitupu, anamwangalia mtoto, anambeba na kumrusha majini akidhani naye ataelea. Haelei. Zimwi anahangaika pale ukingoni, hajui afanye nini, kisha anakimbia huku amechanganyikiwa. Wakaguzi wa filamu waliona kipande hicho ni kikali mno, wakakikata, na kwa kukikata wakamfanya zimwi aonekane mchafu kuliko alivyokusudiwa. Kilirudishwa miaka ya themanini. Kwa hiyo nilimwambia mjomba, kaa, Jumamosi utaona mwenyewe kilichotokea pale ziwani.

Tumekaa. Chai ipo, watoto wamenyamaza. Filamu inaanza, na uso wa kwanza kutokea ni wa rangi ya chungwa.

Kumbe "kuboresha" kwao ni kuipaka rangi. Kompyuta imekisia: majani haya hapa kijani, koti hili kahawia, na uso wa kila mtu rangi moja kama nta. Alipoingia Boris Karloff, mwigizaji wa zimwi, akawa kijani cha chupa ya soda. Wakuu, Jack Pierce, fundi aliyemtengeneza Karloff ule uso, alimpaka rangi ya kijivu iliyochanganyika na kijani kwa sababu alijua filamu nyeusi na nyeupe ya wakati ule ikiichukua rangi ile inatoa weupe wa maiti. Ile rangi ilikuwa chombo tu, kama vile mpishi anavyotia limau ili samaki asinuke shombo, hatii ili ule limau. Kazi ile ilichukua muda wa saa nne hivi, kila siku ya kupiga picha. Karloff mwenyewe akatoa meno ya bandia ya upande mmoja ili shavu libonyee, akaomba awekewe nta kwenye kope ili macho yaonekane mazito, ya kiumbe aliyeamka asikotaka kuamka. Hayo yote yalipimwa kwa jinsi kivuli kitakavyoangukia. Ukishapaka kijani juu yake, kivuli cha shavu hakionekani tena na zile kope zinabaki kama za mtu mwenye usingizi.

Halafu wakakata picha. Filamu za wakati ule zilipigwa karibu na umbo la mraba, upana ni kama mara 1.37 ya kimo. Televisheni za sasa ni mara 1.78. Mtu mwenye adabu ataacha weusi pembeni kulia na kushoto, basi. Hawa wameivuta hadi ijae skrini, kisha wakafyeka juu na chini. Pigeni hesabu: karibu robo ya picha imetupwa. Na robo hiyo ndiyo iliyobeba utosi bapa wa zimwi, kitu ambacho hata mtoto ambaye hajawahi kuiona filamu anakichora! Kuna pale anapoingia mara ya kwanza, mlango unafunguka, anaingia kinyumenyume, tunaona mgongo. Anageuka polepole. Kamera inaruka karibu, kisha karibu zaidi, bila neno, bila muziki. Mwongozaji James Whale alituletea uso ule hatua kwa hatua. Kwenye toleo la hawa jamaa nimeona nyusi na kidevu.

Nimesema bila muziki? Wameuweka. Filamu ya 1931, ukiacha mwanzo, mwisho na ngoma za sherehe ya kijijini, haina muziki. Sauti kwenye sinema ilikuwa bado ngeni, na ukimya ule ukawa sehemu ya kutisha. Mwanzoni kabisa kuna mazishi: kengele, kilio, kisha udongo unaangukia jeneza. Unausikia udongo. Mjomba aliwahi kuniambia sauti ile ndiyo iliyomkaa kichwani kuliko hata zimwi. Jumamosi udongo ule haukusikika, kulikuwa na vinanda vya kompyuta vinanguruma tangu mtu anachimba mpaka jeneza linatoka.

Tukafika ziwani. Mtoto, maua, mikono imenyooshwa... na picha ikaruka.

Wamechukua nakala iliyokatwa! Wana pesa ya kuipaka rangi, wana pesa ya muziki mpya, lakini nakala kamili inayopatikana zaidi ya miaka thelathini sasa hawakujisumbua kuitafuta. Mjomba akaweka kikombe chini, akaniangalia, akasema, "Mjomba, hii siyo." Akaenda kulala. Sikuwa na la kumjibu.

Jumapili sikulala, nikaanza kupitia kona yao nzima moja baada ya nyingine. Ni uharibifu mtupu.

Dr. Jekyll and Mr. Hyde ya 1931, ile ya mwongozaji Rouben Mamoulian. Mwigizaji Fredric March, akiwa Daktari Jekyll, anageuka kuwa Hyde yule mwovu mbele ya macho yako, bila kukata picha. Uso unaingia mikunjo, mashimo ya macho yanakuwa meusi, na hakuna mtu aliyemgusa. Siri ni hii: alipakwa vipodozi vya rangi kabla, na mbele ya lenzi na taa wakaweka vichujio vya rangi. Kichujio chekundu kinakificha kipodozi chekundu. Ukibadilisha kichujio taratibu, kilichofichwa kinajitokeza. Mbinu hiyo inafanya kazi kwa sababu filamu haina rangi. Mamoulian alikaa na siri ile miaka mingi, na March akachukua Oscar. Sasa wewe unaichukua ndiyo hiyo unaipaka rangi? Kwenye toleo lao anaanza na uso wa chungwa, katikati unakuwa wa zambarau, mwisho wa kahawia. Kompyuta imechanganyikiwa, na ina haki ya kuchanganyikiwa.

Dracula ya mwaka huohuo. Mpiga picha Karl Freund alimulika macho ya Bela Lugosi, aliyecheza kama Dracula, kwa miale miwili myembamba, uso wote gizani. Wao wameongeza mwanga. Naona hadi ukuta wa nyuma.

Kuongeza mwanga ndiko kulikonikera zaidi kwenye Cat People ya 1942. Mtayarishaji Val Lewton pale studio ya RKO alipewa pesa kidogo, akaelewana na mwongozaji Jacques Tourneur kwamba chui asionekane, watu wamuone kwa masikio. Mkumbuke Alice, yule dada anayewindwa, kwenye bwawa la kuogelea. Taa zimezimwa. Yupo katikati ya maji anajizungusha, mawimbi ya mwanga yanacheza ukutani na darini, kitu kinanguruma, na wewe macho yanakuuma kwa kukitafuta kwenye zile pembe nyeusi. Baadaye anaokota joho lake, limechanika vipande vipande. Giza la pale ndilo lililoigiza. Hawa wameling'arisha, na kwenye pembe hizo sasa panaonekana vigae. Vigae, wakuu!

Na hata huo ukataji hawana kanuni. Invasion of the Body Snatchers ya 1956 ilitolewa kwa umbo pana, mara 2 ya kimo. Hiyo wameifyeka pembeni. Ya 1931 wanaikata juu na chini, ya 1956 wanaikata kulia na kushoto, alimradi skrini yao ijae. Gort, lile roboti la The Day the Earth Stood Still la 1951, lilikuwa mtu ndani ya vazi la mpira lililopulizwa rangi ya fedha. Yalishonwa mavazi mawili, moja linafungwa mbele na lingine nyuma, ili upande unaotazama kamera usionyeshe mshono. Watu walijua kamera yao inaona nini na haioni nini. Kompyuta imenoa kila kunjo kwenye magoti, lile roboti lisiloshindwa na jeshi la Marekani linaonekana limevaa buti za mvua.

Lakini iliyonifanya nifungue uzi badala ya kukata tu malipo ni Night of the Living Dead ya 1968. Hii mnajua kwa nini kila mtu anaichezea: ilibadilishwa jina kabla ya kutoka, na kwenye jina jipya msambazaji akasahau kuweka alama ya hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, ikawa mali ya kila mtu. Mwongozaji George Romero na wenzake wa Pittsburgh walipoteza kazi yao kwa mstari mmoja wa maandishi. Mwaka 1986 ikapakwa rangi kwa mara ya kwanza, wale wafu wanaofufuka wakawa kijani. Damu yenyewe ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa sababu kwenye nyeusi na nyeupe chokoleti inakuwa damu kuliko damu.

Sasa ile dakika ya mwisho. Duane Jones, mwigizaji Mweusi, anacheza kama Ben, ndiye mwenye akili ndani ya nyumba ile, kapona usiku kucha. Asubuhi anasogea dirishani, kundi la wazungu wenye bunduki linamdhania mfu, wanampiga risasi ya kichwa. Halafu filamu inasimama. Zinafuata picha mgando, zenye chembechembe nzito kama za gazeti: wanaume wenye kulabu za nyama, maiti ya Ben inaburutwa, inatupwa kwenye kuni. Martin Luther King aliuawa Aprili 1968, filamu hii ikatoka Oktoba mwaka huohuo. Mtazamaji wa wakati ule picha za namna ile alishaziona, gazetini. Chembechembe zile zilikuwa na kazi. Hawa jamaa wamezifuta, wamelainisha, wamepaka mashati ya drafti rangi za kupendeza, na majina ya waigizaji yanapita juu ya kitu kinachofanana na picha za mandari. Nilizima, nikakaa gizani nikitetemeka kwa hasira.

Jumatatu nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lilikuja baada ya saa mbili: wanashukuru kwa maoni, na wateja wengi wanafurahia boresho hili. Nikauliza, je, toleo lisilo na rangi mnalo? Hakuna jibu hadi sasa.

NYONGEZA: Kuna mdau hapo chini kasema vijana hawaangalii nyeusi na nyeupe, hivyo biashara ni biashara. Mkuu, sawa, waweke matoleo mawili na waandike hili limepakwa rangi. Vita hivi vilishapiganwa. Tajiri wa televisheni Ted Turner aliponunua maktaba ya filamu za studio ya MGM mwaka 1986 na kuanza kupaka rangi, waongozaji walifika hadi Bunge la Marekani, na sheria ya 1988 ikaanzisha orodha ya filamu 25 kila mwaka za kuhifadhiwa. Filamu iliyo kwenye orodha hiyo ikibadilishwa, mtazamaji alitakiwa aambiwe. Ufaransa, warithi wa mwongozaji John Huston walishinda mahakamani mwaka 1991 filamu yake isionyeshwe na rangi. Frankenstein ipo kwenye orodha ile ya Marekani tangu 1991. Mimi sikuambiwa kitu, niliambiwa "asili".

Mwingine kasema nidai pesa zangu. Nimeshadai. Lakini la haraka ni hili: mjomba anarudi Tanga Alhamisi kwa basi la asubuhi. Mwenye diski ya Frankenstein ya 1931 isiyo na rangi, isiyokatwa, yenye kipande cha ziwani hadi mtoto anapozama, aniambie. Nipo Tabata, nafuata mwenyewe hata Kibaha, naacha dhamana, naangalia naye Jumatano usiku na diski inarudi Alhamisi mchana.