Mnawaambia, au mnaishia kutazama tu?

Mhasibu_Kimya

Habari za jioni wakuu.

Simu yangu ilipasuka kioo, nikaipeleka Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja, binti. Kanyoa kipara kinang'aa, sikio moja lina hereni ya shaba inayogusa bega, na mkono wa kulia wote ni tatuu. Siyo zile za jina la mpenzi wala nge. Ni kanga! Kwenye kifundo limezunguka pindo, kisha korosho zimepanda, kubwa kwa ndogo, mpaka zinaingia ndani ya mkono wa fulana. Sehemu ya jina la kanga kaiacha tupu. Kila akizungusha bisibisi, zile korosho zinatembea.

Nikajifanya naangalia simu yangu inavyofunguliwa. Uongo mtupu, naangalia mkono. Alipomaliza nikalipa, nikasema "asante mdogo wangu", nikaondoka. Sikumwambia kitu, na mpaka sasa kinanikereketa.

Sasa nijieleze ili msianze kunishauri nikachore. Mimi ni mhasibu wa shule ya sekondari, umri umesogea kidogo. Fundi wangu wa nguo hanipimi tena, akiniona na kitambaa anauliza "Ile ile?" nami najibu ile ile. Rangi ya kucha napaka Ijumaa jioni, Jumapili kabla ya ibada nimeshaifuta. Sindano siogopi, mkuu wa shule simwogopi, na mama angenuna akachoka mwenyewe. Tatizo ni kwamba haitanikaa. Mkono ule ungekuwa wangu, watu wangedhani nimeuazima. Yule binti hata hakuwa anajionyesha. Alikuwa na njaa, anamgombeza muuza chipsi kwenye simu. Hapo ndipo nilipochoka kabisa.

Swali: mkimwona mtu kajiachia hivyo, mnamwambia amependeza, au mnaona ni kumsumbua? Na ni kitu gani mnakipenda kwa wengine lakini nyie hamkiwezi hata mlipwe?

Naomba kuwasilisha.

SindanoNyeusi

Mtoa mada, hiyo ndiyo kazi yangu (huyo sikumchora mimi, natamani ningekuwa mimi). Wewe umeona korosho, mimi ningeangalia kile kifundo. Mstari wa kuzunguka mkono ni mtego, ukipotoka kidogo tu, mwanzo na mwisho havikutani. Na ngozi ya pale ni nyembamba. Sindano inatakiwa izame milimita moja, mbili hivi. Ukiishia juu mno, wino unaondoka ngozi inapojibadilisha. Ukizidisha, mstari unatawanyika. Ule unaobaki umemezwa na seli za ulinzi za mwili, zimeushikilia palepale miaka yote.

Halafu aliyemchora ana akili ya rangi. Kwa ngozi zetu, njano na waridi hafifu vinapotea. Anayejua anaweka weusi mzito na kuiacha ngozi yenyewe iwe rangi ya pili. Wateja wangu wengi wanaleta picha ya Mzungu kutoka mtandaoni, vivuli vyembamba vyembamba. Nawakatalia, wananuna.

Mwambie. Fundi simu anasifiwa simu ikiwaka tu.

Mjukuu wa Ruvuma

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mmakonde wa upande wa Mueda, Msumbiji, wakavuka Ruvuma na babu kufuata kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Uso wote ulikuwa na nembo: mistari ya pembe pembe mashavuni, mingine katikati ya paji, na tundu la ndonya, kile kipande cha mti kinachochomekwa mdomoni, kwenye mdomo wa juu, ingawa ndonya yenyewe alishaacha kuivaa. Walichanjwa kwa kisu kidogo, kisha unapakwa mkaa wa mbarika damu ingali inatoka. Tukipanda naye daladala watu wanamkodolea macho, mimi pembeni sijui nijivune au nijifiche.

Ila bibi hakuwahi kujiona jasiri hata siku moja. Kijijini kwao msichana asiye na nembo ndiye aliyekuwa kituko. Mtu wa "ile ile" alikuwa yeye! Angemkuta huyo fundi wa Aggrey angemuuliza nani kamchora, na mbona uso kauacha.

BintiKongowea

Pole dadangu. Kwani hina huitaki? Waenda kwa mpakaji, wakaa mpaka ikauke, waibandua. Siku ya pili imekoza, wiki mbili hivi imekwisha na hapana aliyekuuliza. Lakini hina yenyewe, si piko. Ile nyeusi ya haraka haraka ni rangi ya nywele, ina kemikali iitwayo PPD, yaweza kuchoma ngozi ikatoka malengelenge. Na ukishadhurika nayo, hata kupaka nywele rangi kwaweza kukudhuru.

Mhasibu_Kimya

Asante dada wa Mombasa, lakini hina napaka harusini kama watu wote. Sitafuti mbadala. Ninachopenda ni yeye kuwa na ule mkono, siyo mimi kuwa nao.

Mjukuu wa Ruvuma, umenichekesha mpaka bajeti ya chakula cha wanafunzi imelala.

Tonton Kalemie

Ugonjwa wangu mimi ni masapeur, wale watanashati wa Kongo. Nimewaona Brazzaville, kule Bacongo: jua linachoma, vumbi, na mtu kavaa suti ya waridi, kofia, kiko mdomoni hakijawashwa, na viatu ambavyo sithubutu kuuliza bei. Wana sheria, rangi zisizidi tatu mwilini. Kinshasa aliyewatia vijana wazimu huo ni mwanamuziki Papa Wemba, mpaka alipoanguka jukwaani Abidjan mwaka 2016. Mimi nina suti moja, ya kijivu, ya misiba.

Lakini sikubaliani na hao wa "mwambie" moja kwa moja. Sapeur ukimpita kimya umemtukana, anataka umzunguke, umwombe afungue koti uone bitana. Huyo binti alikuwa kazini na ana njaa. Mngoje ale kwanza.

Mchoro Shingoni

Niwajibu mimi mwenye tatuu shingoni. Nilitaka kuomba upolisi, tangazo likasema wazi wasiotakiwa ni pamoja na waliochora mwilini, basi nikafungua saluni. Maneno nimeyasikia yote. "Utafanyaje ukizeeka?" Nitazeeka nayo. Wapo wanaonishika shingo kwenye foleni ya mwendokasi, hata salamu hakuna.

Mtu akisema "imekupendeza" akaendelea na safari yake, hilo nalikumbuka mpaka nafika nyumbani. Nani kakudanganya tunachoka kusifiwa? Usimguse tu, na usianze na swali la bei.