USS Tang ya Kapteni O'Kane: ni kweli ilizamishwa na torpido yake yenyewe?

Mbuyu_Mkavu: Wakuu habari za usiku. Kuna jamaa kijiweni kakomaa kwamba nyambizi ya Marekani USS Tang, ya Kapteni Richard O'Kane, haikupigwa na Mjapani, eti ilijilipua yenyewe. Mi naona chai tupu, torpido, yaani bomu linalojiendesha majini, unairusha kule itarudije huku? Wenye data mwageni.

Fundi_Dira: Sio chai mkuu. Usiku wa kuamkia 25 Oktoba 1944, mlango wa bahari wa Taiwan, Tang ilishatumia torpido 23 kati ya 24, imebaki moja ya kuimalizia meli iliyokwisha kupigwa. Wakaiachia, ikaibuka juu ya maji, ikakata kushoto na kuanza kuzunguka. O'Kane yuko juu anaiona kabisa inavyokuja, akaamuru injini zote mbele mwendo wa mwisho, wapi, ikaigonga mkiani. Ilikuwa Mark 18, zile za umeme.

Kaskazi77: Kapteni anasifiwa sana ila mi walioniacha hoi ni vijana waliobaki ndani. Nyambizi imelala chini mita kama 55, wamejibana chumba cha torpido cha mbele, wamechoma nyaraka za siri moshi umejaa, betri nazo zikashika moto, na huko juu Mjapani anashusha mabomu. 13 wakatoka kwa tundu la dharura na vifaa vya Momsen vya kupumulia, wengine hawakufika juu. Kati ya watu 87 walipona 9 tu, kapteni akiwemo.

Mbuyu_Mkavu: Duh! Na hao 9 nani aliwaokota?

Fundi_Dira: Wajapani haohao, na humo melini walikuwemo manusura wa meli walizotoka kuzizamisha, wameungua vibaya, basi wakawatembezea kichapo. O'Kane alikuja kusema walipojua wanaowapiga ni kina nani, kipigo kikavumilika. Wakafungwa Japani mpaka 1945, na Machi 1946 Rais Truman wa Marekani akamvisha O'Kane nishani ya juu kabisa ya kijeshi. Hesabu ya kwanza baada ya vita iliipa Tang meli 24 ilizozamisha, baadae ikapandishwa mpaka 33, kwa safari tano tu za vita!

Kaskazi77: Na kule Truk, visiwa vya Pasifiki vilivyokuwa ngome ya Mjapani, mwishoni mwa Aprili 1944, waliopoa watu 22 wa ndege za kwao zilizotunguliwa. Kuna ndege ya kutua majini ilijaza watu mpaka juu ya mabawa ikashindwa kuruka, Tang ikaja kuwabeba wote. Hiyo mbona hampendi kuisimulia?