Re: Mdogo wangu anakwenda kusoma Urusi

Habari zenu wapendwa. Mdogo wangu amepata chuo Urusi, anaondoka Septemba. Mama kule Moshi halali, kasikia vijana wanakamatwa wanapelekwa vitani. Mliopita huko, nimwambieje?
Dada wa Hamburg

---

Dada, nimesoma huko, sitamung'unya maneno. Kwa kawaida mwanafunzi hatolewi darasani akapelekwa Ukraine. Njia ni ndefu kuliko hiyo, na kisa cha Lemekhani Nyirenda kinaionyesha vizuri.

Alikuwa Mzambia, serikali yao ikimlipia uhandisi wa nyuklia chuo cha MEPhI, Moscow. Akawa anafanya kibarua cha kupeleka vifurushi. Kwa maelezo ya baba yake, alikamatwa na mzigo wenye dawa za kulevya aliopewa na mtu asiyemjua. Aprili 2020 akafungwa miaka tisa na nusu. Septemba 2022 akauawa Ukraine akiwa na Wagner, kundi la mamluki wa Kirusi lililokuwa likichukua wafungwa magerezani, ana miaka 23. Lusaka walitangaza Novemba. Mwili ukafika Desemba. Baba aliyemwaga mtoto akasome nyuklia akapokea jeneza.

Nemes Tarimo, Mtanzania mwenzetu, naye alikuwa anasoma uzamili Moscow. Machi 2022 akahukumiwa miaka saba, Wagner wakamfuata gerezani: pigana, ukimaliza unaachiwa. Aliuawa Oktoba 24, 2022, akazikwa Rujewa, Mbeya, Januari iliyofuata. Mitandaoni watu wakamsema eti kafuata hela! Wafungwa walikuwa wanaahidiwa msamaha kwa miezi sita ya vita. Ukiwa na miaka saba mbele yako, si rahisi hivyo.

Kwa hiyo mazungumzo na mdogo wako yawe ya kibarua kwanza. Bumu, posho ya mwanafunzi, halitoshi, atafanya kazi tu, usimdanganye mama kwamba hatafanya. Ila zipo kazi za Telegram: unaambiwa nenda mtaa fulani, chukua kitu kilichonatishwa na sumaku nyuma ya bomba, kakifukie bustanini, piga picha mahali pale, tuma. Bosi humwoni, malipo mazuri ajabu. Huo ni unga. Kule kifungu cha 228 cha sheria ya jinai, cha dawa za kulevya, kimejaza magereza, na Mwafrika mwenye mkoba akisimama karibu na kichaka usiku haonekani kama mtalii.

Akikamatwa, aombe ubalozi ujulishwe, ni haki yake kwa Mkataba wa Vienna wa 1963. Adai mkalimani. Asisaini karatasi ya Kirusi kwa sababu tu askari kamwambia ni ya kawaida.
Kaka wa Leipzig

---

Naongezea. Stergomena Tax, Waziri wetu wa Mambo ya Nje wa wakati huo, alipotangaza kifo cha Tarimo alisema wazi kwamba sheria zetu zinamkataza Mtanzania kujiunga na jeshi la nchi nyingine. Na siku hizi si wafungwa tu. Serikali ya Kenya ilisema Novemba 2025 kwamba Wakenya zaidi ya 200 huenda wako upande wa Urusi, na wapo waliodanganywa kwa ajira za kawaida. Kwa hiyo na wale binamu wasio wanafunzi waambiwe: tangazo la ulinzi au udereva Urusi, nauli bure, mkataba unasainiwa ukishafika, waachane nalo.
Mama wa Malmö

---

Asanteni sana. Nimemtumia yote, nimempigia na mama. Mdogo wangu anauliza: ubalozini Moscow anajiandikisha kabla ya safari au akishafika?
Dada wa Hamburg

---

Aandike barua pepe kabla, akishafika aende mwenyewe na pasipoti na barua ya chuo. Wiki ya kwanza, kabla hajaanza kutafuta kazi.
Kaka wa Leipzig