MAGAZIJUTO: swali moja, majibu matatu

MamaMwanga_Kgm:
Wakuu, msaada. Hesabu ya darasa la tano: 40 − 12 + 4 × (9 − 6) ÷ 2. Mtoto kapata 22, kikokotoo cha dukani kinaleta 48, nyuma ya kitabu wameandika 34. MAGAZIJUTO (Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa) imefuatwa herufi kwa herufi. Kosa liko wapi?

KalamuNyekundu:
Jibu ni 34. Mabano yanatoa 3, kisha 4 × 3 ÷ 2 = 6. Mpaka hapo mtoto yuko sawa. Imebaki 40 − 12 + 6, na hapo ndipo alipoteleza: kaona JU imetangulia TO, akajumlisha 12 + 6 = 18, akaitoa kwenye 40. Ile 12 ina alama ya kutoa mbele yake, huwezi kuibeba ukaiacha alama.

Chukulia magunia ya dagaa pale Kibirizi. Ghalani yalikuwepo 40, yakatoka 12, yakaingia 6. Nani atakubali kwamba yamebaki 22? Kujumlisha kwanza ruksa, ila unakusanya zenye alama ya kujumlisha tu: 40 + 6 = 46, toa 12, unapata 34. Kwa mtoto, aende tu kushoto kwenda kulia.

Unyamwezi_77:
Naongezea kwenye GA na ZI. Ukigawanya kwanza, 3 ÷ 2 ni 1½, mara 4 ni 6. Jibu lilelile, lakini sehemu za nini? Pabaya ni kuzidisha kwanza wakati kugawanya kumetangulia: 24 ÷ 4 × 2 ni 12, siyo 3.

Kikokotoo cha dukani hakijui MAGAZIJUTO, kinapiga kila unachobonyeza papo hapo: 40 − 12 = 28, + 4 = 32, × 3 = 96, ÷ 2 = 48. Anza na 4 × 3 ÷ 2, bonyeza M+ (kuhifadhi jibu), halafu 40 − 12 + MRC (kuita kilichohifadhiwa) =.

MamaMwanga_Kgm:
Asante. Sasa kimeleta 40!

Unyamwezi_77:
M+ umeibonyeza mara mbili, kimehifadhi 6 na 6, yaani 12. Bonyeza MRC mara mbili mpaka herufi M ipotee kwenye kioo, kisha anza upya.