Kuhli wamejaa mayai lakini hawatagi, kinakosekana nini?

mtunza_tangi
Wakuu, naombeni msaada. Tangi ni la lita 100, lina kuhli 9 (samaki wembamba wa jamii ya lochi), wote wakubwa. Majike wawili wana matumbo mapana, ukimulika tochi ubavuni unaona mayai ya kijani. Joto nyuzi 26, pH (kipimo cha tindikali) 7.4, GH (kipimo cha ugumu wa maji) 12. Chini kuna mchanga laini, chujio ni la kuning'inia, mimea yote imepandwa chini. Wapo na neoni 10, wale samaki wadogo wanaong'aa. Nabadilisha theluthi ya maji kila wiki kwa joto lilelile. Mayai yanajaa, kisha yanapotea bila kutagwa.

maji_laini
Mkuu, lishe iko sawa, la sivyo majike wasingejaza mayai. Kinachokosekana ni dalili ya mvua. Kwao, Asia ya Kusini-Mashariki, wanaishi kwenye vijito na vinamasi vyenye maji laini ya tindikali, rangi ya chai.

Anza na ugumu. Changanya maji ya bomba na ya RO (yaliyochujwa hadi kuondolewa madini), ushuke taratibu kwa wiki tatu hadi GH 3 au 4, pH kati ya 6 na 6.5. Dawa ya kushusha pH usiiguse: KH (kiasi cha kaboneti kinachozuia pH kubadilika) ikiwa bado juu, pH itapanda tena, na huko kuyumba ndiko kunakowadhoofisha. Badala yake, majani makavu matatu ya mti wa mkungu yanatosha.

Baada ya hapo tengeneza kiangazi. Punguza kubadilisha maji kwa wiki mbili, kina kipungue kwa kama robo, huku ukipima amonia na nitriti, sumu zinazotokana na uchafu wa samaki. Zote lazima zibaki 0; zikipanda, badilisha maji hata kama kiangazi hakijaisha. Kisha jioni moja jaza tangi kwa maji ya RO ya nyuzi 22, yakidondoka kupitia mrija wa hewa kwa saa mbili au tatu. Joto likishuka nyuzi 2 linatosha. Rudia kwa kiasi kidogo jioni mbili zinazofuata. Ukilishusha ghafla unakaribisha ugonjwa wa madoa meupe, na lochi hawavumilii dawa zenye shaba kwa sababu magamba yao ni madogo mno.

mizizi_juu
Naongezea hapo kwenye mimea, maana ndipo wengi wanakwama. Kuhli hutaga juu, karibu na uso wa maji, kwenye mizizi ya mimea inayoelea. Funika theluthi mbili ya uso kwa salvinia, mmea mdogo unaoelea. Chujio la kuning'inia toa, litafyonza vifaranga; weka la sponji. Neoni nao wahame, watamaliza mayai, ingawa hata wazazi huyala.

Ukiona mayai ya kijani, hamisha mimea pamoja nayo kwenye chombo cha lita 10 chenye maji yaleyale na hewa kidogo. Huanguliwa baada ya kama saa 24. Yaliyogeuka meupe yatoe kwa pipeti kabla kuvu haijaenea. Vifaranga wakimaliza kiini cha yai, wape vijidudu vya maji ya kijani, halafu artemia (vikamba vidogo sana) wachanga. Kidogo kidogo, mara tatu kwa siku, na mabaki yanyonywe kila jioni.

mtunza_tangi
Shukrani sana. Na kwa lochi wa mistari mikubwa, Chromobotia macracanthus, njia ni hiyohiyo?

maji_laini
Hapana mkuu. Hao hupanda mito kwenda kutaga, na wanaozalishwa kibiashara huchomwa sindano ya homoni. Ukitaka aina nyingine inayotaga nyumbani, jaribu Sewellia lineolata: mkondo mkali, nyuzi 20 hadi 24, changarawe na mawe ya mviringo ambamo vifaranga hujificha.