Berlin: Je, ilikuwa haki kulibomoa Jumba la Jamhuri?

Mtoa mada:
Ndugu wasomaji, naleta mezani suala ambalo Wajerumani wenyewe hawajaafikiana. Jumba la Jamhuri, jengo la bunge na burudani la Ujerumani Mashariki ya kikomunisti, lilifunguliwa mwaka 1976 katikati ya Berlin Mashariki, mahali palipokuwa na kasri la wafalme wa Prussia ambalo serikali ya Walter Ulbricht, kiongozi wa Ujerumani Mashariki, ililipua mwaka 1950. Leo jumba hilo halipo tena, na kasri limejengwa upya, kuta tatu za nje zikiwa zimenakshiwa kama zamani.

Sababu iliyotangulizwa ilikuwa asbesto, nyenzo ya ujenzi ambayo vumbi lake ni sumu. Jumba lilifungwa Septemba 1990, kazi ya kuiondoa sumu hiyo ikaendelea hadi 2003, na baada ya kusafishwa kwa gharama kubwa ndipo likabomolewa, kati ya 2006 na 2008. Magharibi ya jiji hilohilo kuna kituo cha mikutano cha ICC, kilichofunguliwa mwaka 1979, nacho kina asbesto. Hicho kiliwekwa chini ya ulinzi wa sheria ya majengo ya kihistoria mwaka 2019. Kwa maoni yangu, kilichohukumiwa si asbesto bali ni utawala uliolijenga jumba.

Mchangiaji:
Ndugu, naheshimu hoja yako, lakini umewasahau walioumia. Katika jumba hilo chama tawala kilifanya mikutano yake mikuu, na bunge lake kwa miaka mingi lilikuwa la kuitikia tu yaliyokwisha kuamuliwa. Wala Berlin haijaficha historia hiyo: gereza la Hohenschönhausen limehifadhiwa, makao makuu ya Stasi, polisi wa siri wa utawala huo, ni makumbusho, na sehemu ya Ukuta imeachwa Bernauer Straße. Kwa nini aliyefungwa Hohenschönhausen alazimike pia kuutazama ukumbi ambamo waliomfunga walipongezana kwa makofi?

Mtoa mada:
Nakubali kwamba makumbusho hayo ni ya lazima. Hata hivyo, jiji likihifadhi gereza na ukuta peke yake, litakuwa limewaambia wakazi wa upande wa mashariki kwamba miaka yao arobaini ilikuwa kifungo tu, ilhali wengi wao walikwenda katika jumba hilo kula, kucheza dansi na kusikiliza muziki, wakiwemo wasioipenda serikali hata kidogo. Tena ni humo humo ambamo bunge lililochaguliwa kwa uhuru Machi 1990 lilipiga kura, usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, ya kujiunga na Ujerumani Magharibi. Ukumbi ulioshuhudia utawala ule ukijimaliza kwa kura ulistahili kusimama kuliko mwingine wowote.

Na tuangalie kilichochukua nafasi yake. Kaizari Wilhelm II, ambaye majeshi yake yalizima vita ya Maji Maji, aliishi katika kasri hilo, na jengo jipya lina makumbusho yanayoonyesha vitu vilivyotoka katika makoloni, Tanganyika ikiwemo. Ikiwa dhuluma ni sababu ya kubomoa, sielewi kwa nini haikuwa sababu ya kutojenga.

Ulbricht mwenyewe, alipolilipua kasri, alisaza lango ambalo mwanamapinduzi Karl Liebknecht alitangazia jamhuri ya kisoshalisti mwaka 1918, likapachikwa katika jengo la Baraza la Dola lililo jirani. Waliolibomoa jumba hawakuacha juu ya ardhi hata ukuta mmoja.